AFYA YETU: Mtazame Mtoto Macho na Koo

Ukimpeleka mtoto zahanati, mganga humvuta kope. Halafu humwambia, "Fungua mdomo. Sema aaa." Anatafuta nini? Anatafuta dalili za ugonjwa. Baadhi ya dalili hizo hata wewe mzazi unaweza kuziona nyumbani.

Nawa mikono kwa sabuni. Mketishe mtoto nje penye mwanga, lakini jua lisimpige machoni.

MACHO

Vuta kope ya chini taratibu. Ndani yake panatakiwa pawe pekundu. Kama ni peupe, huenda mtoto amepungukiwa damu. Malaria na minyoo ya safura huleta hali hiyo.

Je, weupe wa jicho umegeuka manjano? Huenda ini linaumwa. Mpeleke kwa mganga.

Sasa tazama mboni. Katikati yake panatakiwa pawe peusi. Ukiona weupe hapo, usingoje hata wiki moja. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni saratani ya jicho, ambayo huwapata watoto wadogo. Ikigunduliwa mapema, hutibika. Ikicheleweshwa, huua.

Usimtie mtoto maji ya majani wala mkojo jichoni. Vitu hivyo vinaweza kumpofusha.

KOO

Mwambie mtoto afungue mdomo. Kandamiza ulimi kidogo kwa mpini wa kijiko safi. Kila upande wa koo kuna kinundu. Vinundu vikivimba na kuwa vyekundu, mtoto ana mafindofindo. Usipuuze. Mafindofindo mengine yasipotibiwa huja kuharibu moyo. Mganga akitoa dawa, mtoto azimalize zote, hata kama amepata nafuu.

Ukiona utando wa kijivu kooni, huenda ni dondakoo. Mwahishe hospitali. Chanjo huzuia ugonjwa huo.

Lakini mtoto akipumua kwa shida, akashindwa kumeza na udenda ukamtoka, usimtie kijiko mdomoni. Koo linaweza kuziba. Mwache aketi, umpeleke hospitali mara moja.

KIMEO HAKINA KOSA

Katikati ya koo kinaning'inia kinyama kidogo. Hicho ni kimeo. Kila mtu anacho, mkubwa kwa mdogo. Watu wengine husema kimeo ndicho kinacholeta kikohozi na kumkondesha mtoto. Basi humpeleka akakatwe.

Ndugu wazazi, tuache jambo hili. Mtoto aliyekatwa anaweza kutoka damu mpaka akafa. Kisu kichafu huleta pepopunda. Na kikohozi kinabaki pale pale, maana ugonjwa uko kifuani. Huenda ni nimonia au kifua kikuu. Siku za kumtibu zimepotea bure.

Kazi yetu ni kutazama na kuwahi. Kupima na kutibu ni kazi ya mganga.

MASWALI

1. Ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, utafanya nini?
2. Kwa nini kukata kimeo hakuponyi kikohozi?