Mbwa Naye Aoge

Huku kwetu Meru mbwa tunao wengi. Mchana hulala chini ya migomba, usiku tunamtegemea atulinde. Lakini ukimwuliza mtu, “Mbwa wako alioga lini?” atakucheka. Nami nilikuwa katika hao wanaocheka, hata masika moja mbwa wetu Simba akajaa kupe masikioni, wanono kama punje za mbarika.

Basi nikachukua chupa ya dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng’ombe. Kipimo sikukisoma. Nilikisia tu kwa kifuniko, nikampaka mgongo mzima. Sikukumbuka kwamba mbwa hujilamba. Kabla ya jua kuchwa Simba alikuwa akitetemeka, mate yamchuruzika, miguu ya nyuma haimchukui. Mama Neema hakunilaumu wakati ule (alinilaumu baadaye). Alimwosha kwa sabuni na maji mengi, ndoo baada ya ndoo, kisha akasema, “Baba Neema, chukua na hiyo chupa, twende kwa daktari wa mifugo.” Chupa ile ilitufaa sana, maana daktari alisoma jina la sumu akajua la kufanya. Simba alipona, ila siku tatu hakubweka.

Sasa nikuambie tunavyofanya. Chagua siku ya jua, saa nne au saa tano asubuhi. Juni na Julai, ukungu wa mlima ukishuka mpaka mashambani, mchane kwa brashi tu. Hata siku ya kuoga anza kwa kumchana akingali mkavu, kwa kuwa manyoya yaliyofungamana yakilowa hukaza zaidi. Maji yawe ya uvuguvugu. Sabuni ya kufulia ni kali kwa ngozi yake. Nunua ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Anza shingoni, umvishe povu kama kola, viroboto wasipate kukimbilia kichwani. Maji yasiingie masikioni. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki humwasha. Mara moja kwa mwezi yatosha kwa mbwa mzima wa afya.

Kupe mtafute ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya vidole. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, uvute taratibu bila kupinda. Usimchome kwa kiberiti wala usimpasue kwa kucha. Mtumbukize katika spiriti. Tena kuna kupe mwekundu wa mbwa ambaye makao yake ni nyumbani kwako: jike akishashiba hudondoka, hupanda ukutani, hutaga mayai maelfu katika nyufa. Ukimwosha mbwa na banda ukaliacha, umefanya kazi bure. Kupe huleta homa ya damu. Mbwa akikataa chakula, ufizi ukiwa mweupe au mkojo ukiwa mwekundu, usingoje kesho.

Kucha za mbwa wa kutembea huliwa na changarawe. Wa kufungwa mnyororo mjini hurefuka, na ule ukucha wa juu, usiogusa chini, huweza kujikunja ukaingia nyamani. Kata ncha tu. Ndani mna mshipa. Ukitoka damu, kandamiza kwa unga wa ngano.

Wengi wetu kazi hii huwaachia watoto. Kama ni hivyo, mbwa awe amechanjwa kichaa, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyokupangia. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Yeye ndiye aliyetoa chanjo ya ugonjwa huu kwa mtu mwaka 1885. Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza, karibu hapana anayepona.

Nimesahau jambo moja: kabla ya kumfungua, funga mlango wa jiko. Simba akishaoga hukimbilia majivuni moja kwa moja.