Mbegu ya Fedha na Mbegu ya Mahindi



Msimu wa kupanda unapokaribia huku Nyanda za Juu, wahubiri husikika Mbeya na Iringa wakiwahimiza wakulima "wapande mbegu" ya fedha madhabahuni, wavune mara mia. Tunamfahamu mkulima wetu: fedha hiyo ndiyo ya mbolea. (Mahindi hayasomi bahasha za sadaka.)

Ajabu ni kwamba Budha, aliyeishi India karne kadhaa kabla ya Kristo, alikwisha kulikataa kosa hili. Maandiko ya Kipali yanasimulia jinsi alivyomfundisha tajiri Anathapindika kwamba maisha marefu, uzuri, furaha na sifa njema havipatikani kwa kuviomba. Kama vingepatikana hivyo, nani angevikosa? Avitakaye na aishi maisha yanayovizaa. Ni kweli, wapo Wabudha wanaowapa watawa sadaka huku wakihesabu mastahili kama akiba ya benki. Udhaifu huo hauna dini.

Hata hivyo hapo tunaachana naye. Kwake tendo jema huzaa tunda lake lenyewe, wala hakuna Baba wa kuombwa. Sisi tunaye, na Kristo mwenyewe alitufundisha kumwomba mkate wa kila siku. Ila kuomba si kudai. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hata mastahili yetu ni karama zake Mungu. Basi ni nani awezaye kumkopesha Mungu mali ya Mungu, kisha amdai riba?

Simoni mchawi alitaka kuinunua karama kwa fedha, Petro akamkemea (Mdo 8). Simoni wa leo hanunui, anauza. Na wanunuzi hukanyagana: tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi walipokuwa wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wakitafuta uzima.

Wala tusiwanyoshee wengine vidole tu. Wapo Wakatoliki waletao nia ya Misa kama mtu anayeagiza bidhaa dukani, na mambo yasipokwenda hurudi ofisini kuulizia.

Mvua tutaendelea kuiombea, na Jumapili ijayo tutabariki mbegu. Zije za mahindi na maharage. Fedha ya mbolea ibaki nyumbani.