Wakubwa walipe

Ndugu mwandishi, unaposema Docker, kampuni ya programu za kontena, ilimfungia kila mtu mlango, umetia chumvi. Tangazo lake la 31 Agosti 2021 la kudai malipo lilihusu Docker Desktop tu, tena kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka, na zilipewa hadi 31 Januari 2022 kujipanga. Mwanafunzi hakuguswa, wala kiofisi cha watu wanne hapa Likasi.

Huku Katanga wanaoguswa ni kampuni za migodi na wakandarasi wao wakubwa. Bei ilianzia dola 5 kwa mtumiaji kwa mwezi. Usiniambie hiyo inawashinda watu wanaosafirisha kobalti! Kinachoniudhi ni mkuu wa ofisi kumwambia kijana wa mkataba aingie Docker Desktop kwa akaunti ya kijana mwenyewe kwenye kompyuta ya kazi, ili ionekane ni matumizi binafsi ya bure. Leseni ikikaguliwa, jina litakaloonekana ni la nani?

Vijana, kataeni. Wekeni Linux na Docker Engine, ambayo bado ni bure chini ya leseni ya Apache 2.0, au mhamie programu mbadala ya Podman. Asiyetaka kuhama, bosi wake alipe.