Bi Harusi Anayekwenda Masumbwe



Posa ikitoka bara, nyumba hujaa mashauri. Ikitoka Masumbwe, kule Mbogwe mkoani Geita, mashauri hugeuka khofu: mume atashinda kwenye machimbo ya dhahabu, na huko watu wanarogana! Bi harusi hajafunga sanduku, kashapewa jina la mganga.

Khofu yenyewe hatuibezi. Shimo la dhahabu huporomoka kweli, na mke ndiye anayengoja. Lakini mpiga ramli haondoi khofu. Huipa jina la mtu. Ukanda wa Shinyanga na Geita unaijua gharama yake. Bibi vizee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na wekundu ule umeletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa tamaa ya utajiri. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, lakini katazo peke yake haliutulizi moyo.

Kinachoutuliza ni imani, na hapa jirani Mkristo ana la kutufunza. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo: majirani wachache hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakaomba, wakamjulia hali mgonjwa na mjane. Mwanamke akiiweka khofu yake mbele ya Mungu na wenzake, hurudi kwake mwepesi bila ya kumtaja mchawi. Faraja ya kweli haitafuti adui.

Atakayeona tunawasifu Wakristo kupita kiasi awakumbuke Waislamu wa mwanzo waliokimbia mateso ya Makka. Walipata amani Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo, na Bi Ummu Salama alikuwamo. Dini yao hawakuiacha, na wema wake hawakuusahau.

Sisi nasi tunazo nyiradi za asubuhi na jioni, tunayo Ayatul Kursiyyu, tunazo darsa zetu. Basi mwari wetu, chukua msala, acha ramli. Ukifika, tafuta wanawake wa msikitini, na jirani Mkristo akikwambia anakuombea, mshukuru.

Usiku mume akichelewa, omba dua. Na asubuhi, bibi mwenye macho mekundu akipita mlangoni kwako, mpe shikamoo yake.