Kabla ya Kasia, Jaketi



Likizo ikifika, vijana huomba ruhusa ya kwenda kupiga kasia kwenye kayaki, nusu siku na kiongozi, Jinja au visiwani Ziwa Victoria. Sioni sababu ya kuwakatalia. Ila tukumbuke 24 Novemba 2018: mashua ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, imejaa kupita kiasi na haina leseni. Walikufa zaidi ya watu 30.

Mzazi, kabla ya kulipa uliza: kila mtoto ana jaketi la kuokoa maisha linalomkaa vizuri? Kiongozi mmoja anaangalia wangapi? Upepo ukichafuka, wanarudi? Ukijibiwa "Inshallah" tu, mwanao abaki nyumbani. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia.