Uhaba wa baruti Marekani: Je, mashine ya kielektroniki ya kupimia inalipa?

Kwa miaka kadhaa sasa, wawindaji na walenga shabaha wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi zao nyumbani wamekuwa wakilalamikia baruti. Bei imepanda, na aina nyingine zimekuwa zikiadimika madukani kwa miezi. Wakati huo huo, wauzaji wa mashine za kielektroniki za kupima na kumimina baruti wanasema mashine hizo zinazuia upotevu. Je, maelezo hayo yana ukweli? Na mnunuzi anapaswa kuangalia nini kabla ya kutoa fedha zake?

Chanzo cha uhaba

Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi. Hiyo hutokana na nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, au na massa ya mbao. Tatizo ni kwamba viwanda vya makombora ya mizinga vinaitaka malighafi hiyo hiyo, na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022 mahitaji yao yamekua sana. Mwezi Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitenga euro milioni 500 ili kuongeza uzalishaji wa risasi na makombora, sehemu kubwa ikielekezwa kwenye vilipuzi na baruti.

Mjazaji wa nyumbani yuko mwisho wa foleni hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Vista Outdoor iliwaarifu wateja wake kwamba bei zingepanda kuanzia Januari 2024, kwa sababu ya uhaba wa baruti uliotarajiwa duniani. Mwaka 2024 Alliant, mojawapo ya majina makubwa ya baruti nchini humo, ilisitisha kwa muda kupeleka baruti zake kwa wajazaji.

Ikumbukwe pia kwamba baruti yenye jina la Kimarekani si lazima iwe imetengenezwa Marekani. Hodgdon ya Kansas inauza aina nyingi zinazotoka kiwanda cha Mulwala, Australia. Baruti za IMR kwa miaka mingi zilitengenezwa Valleyfield, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Vihtavuori inatoka Finland. Hata umiliki umevuka mipaka: mwezi Novemba 2024 Vista iliuza kitengo chake cha risasi, Alliant ikiwemo, kwa kampuni ya Czechoslovak Group ya Jamhuri ya Czech kwa zaidi ya dola bilioni 2.

Mashine inafanya nini

Mtumiaji huandika uzito anaoutaka, kisha mota huzungusha mrija unaodondosha baruti kwenye kisahani kilicho juu ya mizani. Mwanzoni humimina kwa kasi, halafu punje kwa punje hadi uzito utimie. Kipimo kinachotumika ni greini. Pauni moja ya uzito, yaani gramu 453.6, ina greini 7,000.

Mashine za kawaida, ambazo nyingi huuzwa kwa dola mia chache, hutoa usahihi wa greini 0.1 juu au chini. Walenga shabaha wa masafa marefu hutumia zaidi ya dola 1,000 kupata mizani kama FX-120i ya kampuni ya A&D ya Japan, inayosoma hadi gramu 0.001, na kuifungia kidondoshi cha AutoTrickler kilichobuniwa Kanada. Hivyo mtu wa Texas anaweza kupima baruti ya Australia kwa mizani ya Japan na kidondoshi cha Kanada. Ushuru mpya uliotangazwa na Marekani mwaka 2025, pamoja na kusitishwa tarehe 29 Agosti mwaka huo kwa msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800, ulimgusa moja kwa moja mnunuzi wa namna hiyo.

Hesabu inasemaje

Tuchukue risasi ya bunduki inayohitaji greini 42. Pauni moja itajaza risasi 166. Sasa tuseme mashine inazidisha greini 0.1 kila mara bila kukosa. Ukigawanya 7,000 kwa 42.1 bado unapata risasi 166. Hakuna hata risasi moja iliyopotea!

Kwa maneno mengine, hoja ya kuokoa baruti haina uzito. Faida ya mashine ni muda, kwani mjazaji hupachika kichwa cha risasi moja wakati mashine inapima baruti ya inayofuata, na ni kulingana kwa risasi zote. Kwa mwindaji anayepiga mnyama kwa mita 150, greini 0.1 haibadilishi kitu. Kwa anayeshindana kwa mita 900 inaweza kuleta tofauti. Anayejaza risasi 50 kwa mwaka atatosheka na mizani ya mkono wa kawaida, na fedha inayobaki akanunulie baruti ikipatikana.

Upotevu wa kweli uko kwingine. Aliyesahau baruti ya jana ndani ya tangi la mashine na kumimina aina nyingine juu yake amepoteza yote, kwa kuwa mchanganyiko huo hauwezi kutumika tena na ni hatari. Kanuni ni kuweka chupa moja tu ya baruti mezani, na kurudisha iliyobaki kwenye chupa yake kila kazi inapokwisha.

Usiiamini bila kuihakiki

Mizani ya kielektroniki huyumba. Joto likibadilika, feni ikipuliza, meza ikitikisika au umeme tuli ukijikusanya kwenye plastiki, namba kwenye kioo huhama. Kwa hiyo iwashe nusu saa kabla ya kazi, iweke mahali palipo sawa pasipo na upepo, na uihakiki kwa mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana, mwanzoni na katikati ya kazi. Kisahani kitupu kikirudishwa, kioo kisome ilivyotakiwa. Kisipofanya hivyo, simama.

Wakati wa kununua, uliza kama mawe hayo yanakuja na mashine, kama tangi linamwagika lote kwa urahisi, na kama vipuri vinapatikana nchini mwako bila kuagizwa ng'ambo.

Zaidi ya yote, mashine haijui ni baruti gani iliyo ndani yake wala kiasi gani ni salama. Kiasi hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, ukianzia kiwango cha chini. Ganda dogo la bastola linaweza kumeza kipimo mara mbili bila kufurika, na mtutu ukapasuka mkononi. Hapo ni jicho la mjazaji tu litakalomwokoa, akimulika kila ganda kabla ya kulifunga.

Kwa msomaji wa kwetu

Marekani mtu haulizwi leseni akijaza risasi za matumizi yake mwenyewe, bali akitengeneza za kuuza. Kwetu sivyo. Sheria za Kenya na Tanzania haziruhusu kutengeneza risasi bila leseni, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazibana nchi za ukanda huu kudhibiti silaha ndogo. Aidha, vifaa vya kujazia risasi vimo katika orodha ya bidhaa ambazo Wizara ya Biashara ya Marekani inadhibiti kutoka kwake nje ya nchi. Anayedhani ataagiza mashine hii kama anavyoagiza simu, aulize kwanza polisi na forodha, kabla mzigo haujafika bandarini.