Dhaifu kwa Nani?

Nayapinga maneno mawili yaliyomo katika madaftari yetu ya kemia: "nguvu dhaifu". Hapa Jabe wengi tumeyanakili kwa Kifaransa, tukayakariri hadi siku ya mtihani, kisha basi. Muulize mwanafunzi nguvu za van der Waals hufanya kazi gani, atakujibu: "Ni dhaifu." Hilo si jibu.

Tazameni vitu vitatu tunavyovijua mtaani: gesi ya kupikia, petroli, na mshumaa tunaouwasha umeme ukikatika. Vyote, kwa sehemu kubwa, ni kaboni na haidrojeni. Mbona basi kimoja ni gesi, kingine kimiminika, kingine kigumu? Butani ya kwenye mtungi ina kaboni 4, nayo huchemka karibu na nyuzi sifuri. Heksani, iliyomo katika petroli, ina kaboni 6 na huchemka kwenye nyuzi 69. Molekuli za nta ya parafini zina kaboni 20 na zaidi. Mvutano ni uleule: elektroni zikisogea, upande mmoja wa molekuli huelemewa kwa kitambo kidogo, na molekuli jirani ikavutwa. Fritz London alilieleza jambo hili mwaka 1930. Molekuli ikirefuka, mahali pa kushikana panaongezeka.

Najua nitajibiwa kwamba kifungo kati ya kaboni na kaboni kina nguvu mara nyingi zaidi. Ni kweli. Lakini petroli inapogeuka mvuke, hakuna kifungo cha ndani kinachovunjika. Kinachoshindwa ni huohuo mvutano tunaoudharau. Na mjusi kafiri anayetembea darini kichwa chini? Hana gundi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mijusi wa jamii yake hushika ukuta kwa nguvu hizi, kupitia vinyweleo vidogo mno vya nyayo zao, ambavyo idadi yake ni kubwa ajabu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto wa Jabe anayeijua methali hii tayari ana nusu ya somo. Kwa nini aambiwe kwamba lugha yake haifai kwa kemia?

Walimu wetu, msiandike "dhaifu" ubaoni mkaishia hapo. Andikeni "dhaifu mmojammoja", kisha mtuulize: je, ikiwa mingi? Nasi wanafunzi tulijibu swali hilo kwanza kwa Kiswahili, ndipo tulipeleke kwenye karatasi ya mtihani kwa Kifaransa.